Tafuta Ukaguzi, Usitafute Stika

Katika misiba mingi ya ajali za barabarani hapa nchini, kabla jeneza halijateremshwa, hutokea mzee mmoja akasimama na kusema kwamba ajali haina kinga. Waombolezaji huitikia kwa vichwa, kwa kuwa mfiwa anahitaji neno la kumtuliza na hilo ndilo lililo karibu. Sina ugomvi na neno hilo pale makaburini. Ugomvi wangu unaanza linapotoka makaburini likahamia gereji, pale fundi anapomwambia mwenye gari kwamba breki za nyuma zimekwisha, naye akajibu kwamba ataangalia mwisho wa mwezi, Mungu yupo. Ni kweli Mungu yupo. Lakini pedi ya breki ina unene unaopimika kwa rula, na unene huo ukiisha umeisha, kwa mcha Mungu na kwa asiyemcha.

Tazama habari zinazotoka mteremko wa Iwambi na kona za Inyala kule Mbeya, au Kitonga mkoani Iringa, au Sekenke upande wa Singida. Lori limeshuka, limegonga yaliyo mbele yake, watu wamekufa, na taarifa inamalizia kwamba breki zilifeli. Tunaisoma sentensi hiyo kana kwamba breki zilikaa kikao zikaamua. Breki hazifeli ghafla kiasi hicho. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, mwezi baada ya mwezi, hadi yanakuwa na maji ndani yake. Dereva akikanyaga pedali mfululizo kwenye mteremko mrefu joto linapanda, maji yale yanachemka, mvuke unajaa kwenye mabomba, na mguu unazama hadi sakafuni bila gari kushikwa na chochote. Lori kubwa hutumia hewa badala ya mafuta, nalo lina maradhi yake: bomba linalovuja taratibu, breki ambazo hazijakazwa tangu zilipochakaa, ngoma zilizopasuka kwa joto. Yote hayo mtu mwenye tochi aliyeingia kwenye shimo la gereji angeyaona wiki kadhaa kabla. Ajali ya namna hiyo ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa saa moja ya ukaguzi.

Sheria haijatuacha yatima katika jambo hili. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iko tangu mwaka 1973, na inakataza gari bovu kuwekwa barabarani. Kikosi cha Usalama Barabarani kina wakaguzi wa magari kwa kazi hiyo. Kila mwaka tunakuwa na Wiki ya Nenda kwa Usalama, na stika yake hubandikwa kwenye kioo cha mbele kuonyesha kwamba gari limekaguliwa na limekutwa zima. Nia yake ni njema, na wakaguzi wanaoifanya kazi kwa haki wapo, ninawaheshimu. Lakini kila mwenye gari anajua kwamba kuna njia ya mkato: hutuma mtu, stika ikaja, gari lenyewe likiwa bado limeegeshwa nyumbani na tairi zake kipara. Nasema kwa uchungu kwamba aliyefanya hivyo hakumdanganya askari peke yake. Amewadanganya mke na watoto anaowapakia, na amemdanganya mtembea kwa miguu ambaye hakuulizwa lolote. Barabara haisomi stika.

Magari tunayoendesha yametoka wapi? Mengi yametoka Japani. Kule gari jipya la binafsi linakaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, kwa utaratibu wanaouita shaken, na gharama yake si ndogo. Wenye magari wengi huamua kuuza kabla ya tarehe hiyo kufika, na hiyo ni sababu mojawapo ya magari mazuri kutufikia kwa bei tunayoimudu. Kwa hiyo gari linaposhuka bandarini Dar es Salaam, limetoka katika nchi ambako halikuweza kumkwepa mkaguzi, na linaingia mahali ambapo linaweza kukaa miaka 10 bila mtu kuchungulia uvunguni. Majirani zetu Kenya hawapokei gari lililopita umri wa miaka 8. Sisi tunalipokea na TRA hulitoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Silaumu uamuzi huo, maana mwananchi wa kawaida angenunua gari gani vinginevyo? Ila anayekubali magari makuukuu hana budi kuyakagua zaidi kuliko anayeyakataa.

Sasa swali ambalo wengi huniuliza: nilipeleke wapi?

Kabla sijajibu, nitaje wanavyofanya Uingereza, ambako ndugu zetu wengi wanaishi na wanalifahamu jambo hili vizuri. Ukaguzi wa kila mwaka, unaojulikana kama MOT, ulianza huko mwaka 1960, kwanza kwa magari yaliyozidi miaka 10, na kufikia 1967 ukawa kwa kila gari lililotimiza miaka 3. Kituo kilichoruhusiwa kukagua huning'iniza alama ya pembetatu tatu, na ada haiwezi kuzidi kiwango kilichowekwa na serikali, ambacho kwa gari dogo ni pauni 54.85. Vituo vingi ni gereji za kawaida zinazotengeneza pia. Hapo ndipo penye mtego, kwani fundi anayekagua asubuhi na kuuza spea mchana ana sababu ya kuona ubovu usiokuwepo. Wajuzi wa mambo huko hutafuta vituo vya halmashauri ya mji, ambavyo vipo kwa ajili ya kukagua magari ya halmashauri lakini hulazimika kumpokea na mwananchi, wala havitengenezi gari lake. Kituo cha namna hiyo hakifaidiki gari likishindwa wala likifaulu. Kwangu mimi hilo ndilo la kwanza la kuangalia unapotafuta pa kukagulia: mkono unaokagua usiwe mkono unaouza spea.

Ireland ya Kaskazini wao wamekwenda mbali zaidi, vituo vyote vya kukagua ni vya serikali. Mwezi Januari 2020 walikuta nyufa katika mashine 48 kati ya 55 za kunyanyulia magari vituoni, wakasimamisha ukaguzi wa magari madogo nchi nzima. Ulikuwa usumbufu mkubwa na watu walikasirika. Mimi nauona kuwa mfano wa kuigwa, kwa sababu walikubali kwamba mkaguzi naye hukaguliwa.

Turudi kwetu. Anza na ofisi ya usalama barabarani ya wilaya yako, umuulizie mkaguzi wa magari kwa cheo chake, na uende na gari lenyewe, usitume kadi. Aliye Dar es Salaam anacho Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, ambacho kina kituo cha kukagua magari kwa vifaa. Uliye mbali na hapo, tafuta gereji yenye shimo na fundi mwenye jina zuri mtaani, kisha mwambie mapema, kabla hajagusa boneti, kwamba unamlipa kwa kukagua tu na kwamba matengenezo yatafanywa na mtu mwingine. Utaona jinsi maneno yake yatakavyokuwa mafupi na ya kweli. Mtake aandike alichokiona kwenye karatasi, gurudumu kwa gurudumu. Fundi anayekataa kuandika anakuambia jambo muhimu kuhusu ukaguzi wake.

Wala usikae kwenye benchi ukisoma simu. Simama naye. Gari likipigwa jeki, atashika tairi juu na chini na kulitikisa. Likicheza, bearing au boljointi imechoka, na boljointi ikichomoka ukiwa mwendo wa kasi usukani hauna tena mamlaka juu ya gurudumu hilo. Mwombe akuonyeshe tairi ubavuni, palipoandikwa tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linalong'aa kwa rangi nyeusi laweza kuwa na umri wa mtoto wa darasa la sita, na mpira wake umekauka ndani. Uingereza na Japani kashata za tairi zikipungua chini ya milimita 1.6, tairi hilo haliruhusiwi, nami sioni kwa nini mvua ya masika iwe na huruma zaidi kuliko mvua yao. Kwa walio Tanga, Mtwara na visiwani, mchungulie chasisi kwa makini, chumvi ya bahari hula chuma kimyakimya. Taa za breki huwezi kuziona ukiwa umeketi ndani, hivyo mtu asimame nyuma wakati unakanyaga.

Injini na giaboksi si mambo ya ukaguzi huu, na hata wale wa Uingereza hawazigusi katika MOT. Injini ikifa, gari husimama na hasara ni yako. Breki zikifa, gari halisimami na hasara ni ya kila mtu. Hata hivyo utamkuta mtu ametumia laki kadhaa kwa rimu na muziki, huku bushi zinagonga kila tuta na yeye anaongeza sauti ya redio.

Nina neno kwa matajiri wa daladala na mabasi. Dereva wako anajua gari lako lina nini kuliko wewe. Anajua pedali inashuka, anajua gari linavuta kushoto. Hakwambii, kwa sababu siku gari likilala gereji hesabu haipo na kesho kuna vijana watatu wanaoutaka usukani huo. Umemweka mahali ambapo ukweli unamgharimu ugali. Toa siku moja katika mwezi isiyo na hesabu, iwe siku ya kukagua, na umwambie dereva kwamba siku hiyo hadaiwi. Hutafilisika. Leseni ya LATRA unailipia, bima unailipia. Siku hiyo moja ndiyo inayovipa maana vyote viwili.

Na wazazi, ninyi ndio mnaonisikitisha zaidi, kwa kuwa nia yenu ni safi. Mnauliza ada ya shule, mnauliza ufaulu wa darasa la saba, mnauliza chakula. Polisi hukagua mabasi ya wanafunzi shule zinapofunguliwa, na hilo ni jema, lakini kati ya Januari na Desemba basi hilo linatembea kila siku kwenye njia za mashimo. Mwulizeni mwalimu mkuu taarifa ya ukaguzi wa basi, mwione tarehe yake. Shule ambayo mzazi mmoja ameuliza inaweza kumpuuza. Shule ambayo wazazi arobaini wameuliza itapeleka basi kukaguliwa kesho yake.

Kwa serikali nasema hivi. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa na kuhamishiwa kwenye mafuta, na wenye magari tulishukuru. Lakini pamoja na ada ile iliondoka tarehe iliyokuwa ikimlazimisha mtu kulifikiria gari lake mara moja kwa mwaka. Tarehe iliyobaki yenye nguvu ni ya bima, ambayo siku hizi askari anaihakiki kwa simu tu. Bima na ukaguzi vifungwe pamoja, gari lisilokaguliwa lisikatiwe bima. Ila jambo hilo lisianze kabla ya vituo kuwepo. Ukimwamuru mtu wa Namtumbo au Kakonko akague gari kila mwaka, na kituo cha karibu kiko mkoa mwingine, hujatunga sheria ya usalama, umetunga soko la stika za bandia. Kila wilaya iwe na kituo chenye shimo, mashine ya kupima breki na mtu aliyesomea kazi hiyo. Ada ibandikwe ukutani, malipo yapitie kontroo namba, gari lililoshindwa lipewe karatasi ya makosa na siku za kuyarekebisha badala ya faini ya papo hapo. Mtu akijua kwamba kituoni atasaidiwa, atakwenda. Akijua kwamba atakamuliwa, atatuma mtu.

Wewe unayesoma haya usisubiri kituo hicho kijengwe. Angalia bima yako inaisha mwezi gani, hesabu mwezi mmoja nyuma, na siku hiyo ulipeleke gari kwa mtu asiyekuuzia spea. Ukiambiwa breki zimekwisha, liache hapohapo, upande daladala kurudi nyumbani.