Majengo ya Umma ni Amana: Tuandike, Tupime, Tuhesabu

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, sisi wa Kikole na vijiji vyote vya Kilwa tuna funzo la ujenzi lililo karibu nasi. Tarehe ya kale ya Kilwa inasimulia kwamba Msikiti Mkuu wa Kisiwani ulipoporomoka, watu walisali mahemani kwa muda mrefu. Katika karne ya 15 haji mmoja aliomba ruhusa ya kuujenga upya kwa mali yake. Sultani hakuridhia, akampa mithkali 1,000 za dhahabu. Haji akazipokea kwa kuchelea kuzuiwa, akajenga kwa mali yake mwenyewe, na sultani alipofariki akazirudisha kwa warithi. Dhahabu ilipita mikononi mwake, na hesabu yake ikajulikana hadi mwisho.

Leo zinazopita mikononi mwetu ni fedha za umma. Mwaka wa fedha 2018/2019 Serikali ilitenga shilingi bilioni 1.5 kwa kila moja ya hospitali 67 za wilaya, zikatakiwa kukamilika ifikapo Juni 2019. Zilijengwa kwa utaratibu wa force akaunti: halmashauri hununua vifaa yenyewe na kuajiri mafundi wa mahali hapo, huku kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zikisimamia, wananchi wakiwamo. Utaratibu huu hupunguza gharama, lakini huhamishia mzigo wa usimamizi kwa mwalimu, mkulima na mganga. Muda ulipofika si majengo yote yaliyokuwa tayari, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimetaja mara nyingi miradi ya halmashauri iliyochelewa.

Kasoro iko wapi? Wengi hukimbilia kumtafuta mwizi. Wizi upo, nao ni haramu. Lakini fedha hupotea pia bila ya mwizi. Kazi ikisimama, mlinzi hulipwa vilevile, saruji huganda ghalani, na bei ya nondo haimsubiri mtu. Fundi akilipwa kwa siku zilizopita badala ya kazi iliyopimwa, fungu huisha jengo likiwa kwenye lenta. Na masika huja kila mwaka. Mei 2024 mafuriko ya wakati wa Kimbunga Hidaya yaliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga. Ratiba isiyoitengea mvua nafasi imechelewa kabla ya msingi kuchimbwa.

Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Allah (S.W.) anatuamrisha kuliandika deni lenye muda maalumu, liwe dogo au kubwa, mbele ya mwandishi muadilifu na mashahidi. Aya inahusu deni, lakini hekima yake inaenea: jengo la umma nalo ni ahadi yenye kiasi na muda. Basi kila mfuko wa saruji uandikwe unapoingia na unapotoka. Mhandisi apime kabla ya malipo. Ratiba na gharama zibandikwe mahali pa wazi, na kamati ilinganishe kila juma kilichotumika na kilichojengwa, si kungoja fedha ziishe ndipo iulize.

Wako wanaosema kuuliza ni dhana mbaya. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akitenga fungu la umma na fungu aliloliita zawadi yake. Mtume (S.A.W.) alimhesabu, kisha akapanda mimbari na kulikemea jambo hilo hadharani. Ikiwa aliyetumwa na Mtume mwenyewe alihesabiwa, mjumbe wa kamati ya zahanati ni nani hata asiulizwe?

Ndugu yangu uliyechaguliwa katika kamati, usitie saini usichokihesabu. Mama mjamzito anayeingojea wodi ile ana haki juu yako, na Siku ya Kiyama ataidai.

Wabillahi tawfiq.