Kukariri au kufikiri: kinachowasubiri wanafunzi wa Kibondo mwaka 2028

Watoto wengi wa Kibondo huzungumza Kiha nyumbani. Wakianza shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili. Wakifika Kidato cha Kwanza, karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Ni katika lugha hiyo ya tatu mtaala unawataka wahoji, wachambue na watoe sababu.

Matarajio hayo si mapya. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitaka shule ijenge akili ya kudadisi. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari uliandikwa upya kwa msingi wa umahiri, yaani mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya, si kwa anachokumbuka tu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2025, nayo inasisitiza ujuzi na stadi.

Kwa nini basi kukariri bado kunatawala? Tunaona sababu tatu. Ya kwanza ni lugha: asiyeweza kuuliza "kwa nini" kwa Kiingereza hunyamaza na kunakili ya ubaoni. Ya pili ni wingi. Ada ilipofutwa hadi Kidato cha Nne mwaka 2016, watoto wengi walipata nafasi, lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumsikiliza kila mmoja. Ya tatu ni mtihani wa taifa. Mwalimu na mwanafunzi hufuata kile kinacholeta alama.

Shinikizo hilo litaongezeka. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 walianza mtaala mpya, nao watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027. Waliowatangulia darasa moja watamaliza la saba mwaka huohuo. Kwa mpango uliopo, Januari 2028 makundi yote mawili yataingia Kidato cha Kwanza kwa pamoja. Mjadala unaendelea kuhusu vyumba na madawati. Namna watoto hao watakavyofundishwa kujisomea haizungumzwi sana, ingawa wao ndio watakaokuwa na muda mchache zaidi wa mwalimu.

Kuna mambo yanayowezekana bila bajeti kubwa. La kwanza ni kuanza na swali la nyumbani. Kwa nini muhogo mchungu hulowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa? Watoto wa hapa wameona kazi hiyo tangu utotoni. Wakijadili kwa Kiswahili watafika kwenye sumu ya sianidi, na jinsi kuloweka na kukausha kunavyoiondoa. Baada ya hapo maneno ya Kiingereza ya kemia yana mahali pa kukaa, kwa kuwa wazo limeshaeleweka.

La pili ni namna ya kujisomea. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi wa chuo waliorudia kusoma habari fulani na wale walioisoma kisha wakajipima bila kuitazama. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokuwa mbele. Kusoma daftari mara tano usiku wa kuamkia mtihani humpa mtu uhakika usiodumu.

Kujipima hakuhitaji umeme wala kompyuta. Mwanafunzi afunge daftari, aandike anachokumbuka, kisha afungue na kusahihisha. Wanaotembea pamoja kurudi nyumbani waulizane maswali njiani, na jibu lifuatwe na swali jingine: umejuaje?

Mzazi ambaye hakusoma sekondari naye ana nafasi. Jioni amwambie mtoto, "Nieleze ulichojifunza leo," kwa Kiha au Kiswahili. Mtoto akikwama, hapo ndipo hajaelewa, na hilo ndilo swali la kumpelekea mwalimu kesho yake.

Haya hayaondoi hitaji la walimu, vitabu na uamuzi wa wazi kuhusu lugha. Hayo ni ya serikali, na halmashauri za Kibondo na Kasulu zinapaswa kuulizwa sasa zimejiandaaje kwa Januari 2028.