Anayelipia Mkutano Ndiye Anayejibiwa

Vijana wenzetu, hasa nyinyi wa Zombe na Kitui kwa jumla.

Kila habari za Somalia zikisomwa utasikia maneno yale yale: jumuiya ya kimataifa, wafadhili, kujenga demokrasia. Ukiyasikia, uliza swali moja tu: kiongozi wa pale akikosea, anamjibu nani? Jibu lake litakuonyesha kama pana demokrasia kweli au ni jina tu.

Tuangalie yaliyopita. Mara ya mwisho Wasomali kuchagua bunge la vyama vingi kwa kura zao wenyewe kabla ya vita ilikuwa Machi 1969. Oktoba mwaka huo huo Siad Barre akapindua serikali. Alipoangushwa 1991, nchi ikasambaratika. Umoja wa Mataifa ukaingia na majeshi yake, na Machi 1995 yakaondoka bila kuacha serikali. Mwaka 2000, katika mkutano wa Arta, Djibouti, ikakubaliwa hesabu ya 4.5: koo kuu nne kila moja fungu zima, na wengine wote waliobaki wagawane nusu. Katika hiyo nusu wamo Wabajuni na watu wa Barawa, ndugu zetu wanaozungumza lugha za jamii ya Kiswahili. Fikiria kuzaliwa raia halafu uambiwe wewe na wenzako ni nusu fungu.

Mazungumzo mengine yakaja hapa kwetu Kenya chini ya IGAD. Yalianza Eldoret 2002, yakahamia Mbagathi, na Oktoba 2004 Abdullahi Yusuf akachaguliwa Kasarani. Rais wa Somalia, amechaguliwa Nairobi! Februari 2017 angalau uchaguzi ulifanyika Mogadishu, lakini ndani ya uwanja wa ndege, chini ya ulinzi wa Umoja wa Afrika. Waliopiga kura walikuwa wabunge na maseneta 328. Wabunge wenyewe walikuwa wamechaguliwa na wajumbe 14,025 tu, katika nchi ya mamilioni ya watu. Mwaka 2022 rais akachaguliwa hapo hapo uwanja wa ndege.

Sasa tuwe waadilifu, manake Muislamu haruhusiwi kudhulumu hata kwa maneno. Wanajeshi wa AMISOM, walioanza kuingia Machi 2007, walikufa wengi kwa ajili ya Mogadishu. Agosti 2011 Al-Shabaab walitoka katika jiji hilo kwa sababu ya vita vya AMISOM na wanajeshi wa Somalia. Soko likifunguka na mtoto akirudi madrasa bila kupigwa bomu, hiyo ni neema, na asiyeshukuru watu hamshukuru Mungu. Kwa hiyo sisemi wageni wasije. Nasema mlinzi wa mlango si mwenye nyumba.

Shida iko kwenye mfuko. Posho za wanajeshi wa AMISOM zilikuwa zinalipwa na Umoja wa Ulaya. Mwaka 2016 ulipopunguza asilimia 20, malalamiko yalisikika Nairobi na Kampala. Mwananchi wa Kismayu aliulizwa? Na sisi Wakenya je? Januari 15 mwaka huo huo kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde ilivamiwa, na Serikali ikakataa kututajia idadi ya waliouawa. Waliokufa ni watoto wetu, lakini maelezo hatukupewa. Kumbe ugonjwa ni mmoja: kinachoamuliwa mbali na mwananchi, mwananchi haelezwi.

Linganisha na Borama, upande wa Somaliland. Sizungumzii hapa kama ijitenge au isijitenge. Hilo ni lao. Nazungumzia namna walivyokaa. Mwaka 1993 wazee wa koo walikutana Borama miezi kadhaa, gharama kubwa ikabebwa na wenyeji na jamaa zao walio nje. Hakuna aliyewaambia ndege inaondoka kesho, sainini haraka. Miaka kumi baadaye, 2003, uchaguzi wa rais ukatangazwa kwa tofauti ya kura 80 tu. Aliyeshindwa, Silanyo, alilalamika, akaenda mahakamani, kisha akakubali. Mwaka 2010 akashinda yeye. Si malaika hao; vita vya Las Anod vya 2023 vimeonyesha kuwa kuna watu wao wasiojiona ndani ya mapatano yale. Lakini kura 80 bila vita ni jambo ambalo hata sisi, baada ya 2007, tunalijua uzito wake.

Haya si mageni kwetu. Katika Surat Ash-Shura mashauriano yametajwa baina ya swala na kutoa mali. Tafakari mpangilio huo. Mashauriano yanataka taqwa, na pia yanataka mtu atoe chake.

Sasa rudi Zombe. Ukame ukizidi, ngamia huvuka kutoka upande wa Garissa na Tana River kutafuta malisho Kitui Mashariki. Wakiingia shamba la ndengu, mkulima anapoteza msimu. Ngamia akikatwa panga, mfugaji anapoteza mali. Wewe kijana Muislamu wa Kikamba uko katikati: mwenye shamba ni mjomba wako, mwenye ngamia mnasimama naye safu moja msikitini. Hakuna mtaalamu wa Geneva atakayekushinda kwa nafasi hiyo.

Lakini tumezoea nini? Tunangoja shirika lije na bango, maji ya chupa na posho. Picha zinapigwa, watu wanasaini, gari linaondoka. Mwezi ujao ng'ombe na ngamia wako kisimani, na hakuna anayejua tulikubaliana nini, manake karatasi ilikwenda kwa mfadhili.

Basi tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Kikao cha amani kikiitwa, nenda, hata kama hakuna posho. Changeni chai nyinyi wenyewe, msikiti na kanisa. Dai makubaliano yaandikwe kwa Kikamba, Kisomali na Kiswahili, na nakala ibaki kwa chifu, msikitini na sokoni. Hakikisha wanawake wanaochota maji wamekaa ndani ya kikao. Shirika likija na msaada, karibu, lakini likute tayari mna lenu.

Na 2027 ukiombwa kura, muulize mgombea swali lile lile: ukikosea, utamjibu nani?