Simu huvuka mpaka, nambari hubaki nyumbani

MWAKA wa 2019 nilivuka mpaka pale Malaba kuelekea Kisumu, kwa mazishi ya mama mzazi wa rafiki niliyesoma naye Kenya. Rambirambi za wenzetu wa Tororo zilikuwa katika akaunti yangu na kadi ya benki ilikuwa mfukoni. Mashine ya kwanza niliyoiendea mjini Kisumu iliimeza kadi hiyo, ikaniagiza niwasiliane na benki yangu.

Nambari ya benki nilikuwa nayo kwenye risiti, ile ya bure inayoanza na 0800. Niliipiga kwa laini yangu ya Uganda, ikakataa. Nikaipiga kwa laini ya Kenya, nikaambiwa haipo. Basi nikamkumbuka mwenye duka la mabati jirani na tawi la benki hiyo, nikasema nitampigia aniendee pale kwa miguu. Risiti ya duka lake ilikuwa na nambari ya 0772. Simu iliita vizuri, akapokea mama mmoja aliyesikika yuko sokoni. "Hapa hatuuzi mabati, baba," akasema. Nikarudia mara mbili zaidi, na mara ya tatu hakuwa mpole.

Aliyenitoa katika fedheha hiyo ni shemeji ya rafiki yangu, kijana anayepeleka omena Busia kila wiki. "Mwalimu, toa hiyo sufuri, weka 256."

Nimekaa darasani zaidi ya miaka ishirini, na jambo hilo nilifundishwa na muuza omena. Lakini tangu siku hiyo nimelichunguza, na nimeona kwamba kosa si la mpigaji peke yake.

Tuanze na historia kidogo. Hadi 1977 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la posta na simu, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka huo. Baadaye kila nchi ikabaki na simu zake. Familia yetu ilipokimbia vita vya Teso mwaka 1987 nikiwa mtoto wa shule ya msingi, habari za nyumbani hazikuja kwa simu. Zilibebwa na waendesha baiskeli wa Busia, wale wale walioipa dunia neno bodaboda. Desemba mwaka huo majeshi ya nchi hizi mbili yalipofyatuliana risasi hapo hapo Busia, hata baiskeli zilisimama, na sisi tukakaa gizani.

Kwa hiyo sitawadharau waliopunguza bei. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, mteja akapokea simu bure akiwa nchi jirani. Kisha, kati ya mwisho wa 2014 na mwanzo wa 2015, Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kuwa na eneo moja la mawasiliano. Bei ya kupiga iliwekewa ukomo wa senti 10 za dola kwa dakika, na ada ya kupokea ikafutwa. Mfanyabiashara wa mpakani aliyekuwa akizima simu akivuka ili salio lisiliwe, anajua hilo lilikuwa na uzito gani.

Mikataba hiyo ilishughulikia gharama. Nambari zenyewe ziliachwa kama zilivyo, na hapo ndipo tunapoumia.

Tazama mpangilio wenyewe. Uganda ina tarakimu kumi zinazoanza na 07, na Kenya vivyo hivyo. Kwetu 077 ni ya MTN. Ng'ambo ya mpaka 077 walipewa Telkom. Kwetu 070 ni ya Airtel. Kwao ni ya Safaricom. Laiti simu iliyokosewa ingekataa, mtu angeshtuka. Haikatai. Huita, na mtu hupokea, lakini si yule unayemtafuta. Anayetuma pesa kwa nambari aliyoisoma kwenye gunia, bila kutazama jina linalojitokeza, huenda akamtajirisha mtu asiyemjua kabisa.

Hizi za 0800 zina ugonjwa mwingine. Ni bure kwa sababu mwenye nambari ndiye anayelipa, kwa mapatano na kampuni za simu za nchi yake. Mara nyingi mapatano hayo hayavuki mpaka. Namba fupi ndizo zinazochanganya zaidi: 100 ni huduma kwa wateja ya Safaricom, na ni huduma kwa wateja ya MTN Uganda pia. Ulaya na Marekani benki nyingi huandika nyuma ya kadi nambari mbili, moja ya nyumbani na moja ya msafiri, iliyo kamili na alama ya kujumlisha mbele. Je, benki yenye tawi Tororo, ambayo wateja wake huamkia Malaba na kulala Eldoret, inahitaji kuambiwa jambo hilo?

Wapo watakaosema haya yamepitwa na wakati kwa kuwa kila mtu yuko WhatsApp. Nawakumbusha Januari 2021, intaneti ilipozimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Mwenye lori lililokwama alirudi kwenye simu ya kawaida, na aliyekuwa na nambari kamili ya wakala wake wa forodha ndiye aliyezungumza naye.

Mfanyabiashara mzoefu anaijua 256, anaijua 254, na ana laini mbili katika simu moja. Lakini yuko mzazi wa Bungoma mwenye mtoto shuleni kwetu, na yuko aliyerejea kutoka uhamishoni akiwa bado anatafuta fundi, daktari na duka la kuaminika. Hao husoma kilichoandikwa na kukipiga kama kilivyo. Tume ya Mawasiliano ya Uganda na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zingeweza kuwataka benki na watoa huduma wanaohudumia mipakani waandike nambari kamili kwenye kadi na risiti. Ni gharama ya wino tu.

Kadi yangu, kwa taarifa yenu, niliipata baada ya siku nne, na rambirambi zilifika wakati matanga yameshakwisha. Niliporudi nilitazama karatasi rasmi za shule yetu na kukuta juu yake nambari inayoanza na 07, bila 256. Nilimweleza mwalimu mkuu. Alikubaliana nami kabisa, akasema tutabadilisha zikishaisha zilizochapishwa. Bado ziko boksi mbili.