Je, umekisoma kijitabu cha chama chako?

Msomaji mpenzi, kabla hujaketi kula chapati zako za Jumapili, hebu fungua ile droo unamoweka vyeti vya watoto. Huenda humo mna kijitabu cha kurasa chache, kilichopigwa chapa na kubanwa kwa pini. Hiyo ndiyo katiba ya chama chenu cha mazishi. Uliitia sahihi siku uliyojiunga. Je, uliisoma?

Nauliza kwa sababu ya yaliyompata jirani yangu hapa Jericho, mama wa watoto watatu. Mumewe, fundi wa magari, aliugua miezi miwili kisha akaaga dunia. Kwa miaka 16 alikuwa amechangia chama cha watu wa kwao bila kukosa. Mama akajua basi jeneza lipo, na gari la kumpeleka marehemu mashambani lipo. Kumbe! Katibu alipofungua kitabu alisema marehemu hakuhesabiwa tena mwanachama, kwani alikosa kutoa mchango mikutano miwili mfululizo.

Lakini alitoa. Alituma kwa M-Pesa akiwa kitandani, na ujumbe ulikuwa bado kwenye simu yake. Tatizo ni kifungu cha saba, kilichotaka mchango uletwe mkutanoni kwa mkono na kutiwa sahihi daftarini. Kifungu hicho kiliandikwa mwaka 1996. M-Pesa ilianza 2007. Miaka yote hiyo watu walituma kwa simu, mweka hazina akapokea, na hakuna aliyenung'unika hadi siku pesa zilipotakiwa kutoka.

Mkutano ulianza saa nane ukaisha magharibi. (Nimegundua kwamba mtetezi mkali wa sheria huwa ni yule aliyelipa jana.) Mwishowe mzee mmoja aliomba kitabu, akaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho: jambo lisilotajwa humu litaamuliwa na wanachama wote. Simu haikutajwa popote. Mikono ikainuliwa, pesa zikatoka. Lakini marehemu alikuwa amelala mochari siku tano zaidi, na mochari hudai kwa siku. Sehemu ya mchango ikaishia huko.

Wakazi wa Eastlands hawakuanza vyama hivi jana. Kaloleni ilipojengwa miaka ya 1940, mfanyakazi aliyefia mjini alikuwa mgeni mjini, na watu wa kwao ndio waliomzika. Vyama vikubwa vya makabila kama Luo Union na GEMA vilipovunjwa mwaka 1980, mzigo ulizidi kuwaangukia watu wa kijiji kimoja au ploti moja, wenye daftari na kalamu tu. Siku hizi kuna Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022, na kikundi hakisajiliwi bila katiba. Basi watu hufanya nini? Huazima katiba ya kikundi jirani, wakabadilisha jina juu, wakaipeleka.

Ndiyo maana utakuta chama cha akina mama kina vifungu vinne kuhusu umbea na faini zake, lakini hakina hata kimoja kuhusu mwanachama aliyelazwa hospitalini au aliyehamia Kayole. Tazama chako. Mgonjwa anasamehewa miezi mingapi? Mke akibaki, anarithi nafasi ya mumewe au anaanza upya? Na kama wake ni wawili? Usicheke, mama, swali hilo likiulizwa kando ya kaburi halina jibu zuri. Nawe baba, mwonyeshe mkeo kijitabu kilipo. Wengi wenu mnakificha pamoja na hati ya mshahara.

Jirani yangu aliandikishwa mahali pa mumewe. Mwezi uliopita alisimama akaomba kifungu cha saba kibadilishwe, ujumbe wa simu uhesabiwe kama sahihi. Katibu akamwambia, kwa upole safari hii, kwamba kubadilisha katiba kunahitaji thuluthi mbili ya wanachama, na waliofika ni 11 kati ya 34. Mkutano umeahirishwa hadi Jumapili ijayo. Tangu Jumatatu mama huyo anapita mlango kwa mlango, Jericho hadi Makadara, akiwaomba waje.