Usiniletee Gari Nilibariki Kabla Fundi Hajaliona



Leo nazungumza na wewe unayetafuta gari lako la kwanza, na umepata kuukuu la bei nafuu, namba ya KAZ au KBA, lakini muuzaji amekwambia kwa sauti ya chini, "Injini inasumbua kidogo tu."

Wengi hapa Umoja, Kayole na Donholm huniambia, "Pasta, nimenunua kwa imani." Mimi siiti hiyo imani. Katika Luka 14, Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, na jambo la kwanza anaketi na kupiga hesabu. Haanzi msingi halafu akaitisha maombi ya kukesha pesa zikiisha.

Gari kuukuu si dhambi. Lakini kumbuka Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo la umri huo limekula mashimo ya hapa kwetu miaka mingi. Nenda ulione asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukikuta boneti tayari ina joto, uliza kwa nini liliwashwa kabla hujafika. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando mweupe kama uji wa maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili, na hapo si "kidogo tu" tena. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Kuna hata wanaomimina oili nzito ili injini inyamaze siku mbili tatu, hadi pesa zako ziingie. Enda na fundi wako, si wa muuzaji. (Na umlipe. Hiyo ya "njoo tu kama ndugu" ni kumnyima mtu jasho lake.)

Fundi akisema injini imekwisha, si lazima ukimbie. Kama bei ya gari, injini nyingine kutoka Kirinyaga Road na kazi ya fundi vyote vinatoshea kwenye pesa ulizo nazo mkononi, nunua kwa amani.

Kinachonisumbua moyo ni mkopo. Mtu anakopa Sacco, na wadhamini ni watu tunaokaa nao benchi moja kanisani: mama wa mboga, mwalimu, bawabu. Mwezi wa pili gari linazimika barabara ya Outering, malipo yanakwama, na akiba yao ndiyo inayokatwa. Usiniambie hapo shetani amekushambulia. Wewe ulijua injini ni mbovu; wao hawakujua.

Na wewe muuzaji uliyeokoka, Mithali inakemea mizani ya uongo. Oili nzito ni mizani hiyo hiyo. Sema ugonjwa wa gari lako, hata bei ikishuka.

Kuna ndugu ameniandikia wiki hii. Muuzaji anataka malipo ya kwanza leo leo, eti kuna mteja mwingine njiani. Ndugu yangu, mwache huyo mteja alichukue. Likiwa bado lipo Jumamosi, fika na fundi saa moja asubuhi, na wadhamini wako wawili uwaambie hali ya injini kabla hawajatia sahihi.