Kompyuta ya Kwanza na Hewa ya Nyegezi

Mkazi wa Nyegezi hahitaji kuambiwa na mtu kwamba hewa ni kitu chenye nguvu na njia zake. Mchana upepo hutoka ziwani ukaelekea nchi kavu. Usiku hugeuka ukarudi majini, na wavuvi hupanga safari zao kwa kuufuata. Waanikaji wa dagaa nao wanajua ya kuwa dagaa waliotandazwa juu ya chanja, hewa ikawapitia juu na chini, hukauka vyema kuliko wale waliomwagwa mchangani. La kushangaza ni kwamba elimu hii yote huachwa nje ya mlango pindi kijana wa mahali hapo hapo anapoketi chumbani kuunda kompyuta yake ya kwanza.

Na achukuliwe kijana wa namna hiyo kwa mfano. Amehitimu kidato cha sita, au yumo katika chuo kimojawapo cha pale Nyegezi. Ameweka akiba kwa muda mrefu, akanunua kifaa kimoja kimoja: leo ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, mwezi ujao prosesa, baadaye kadi ya picha, iliyosafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam na kupokewa stendi ya Nyegezi. Siku anapoviunganisha, mashine huwaka na furaha hujaa nyumbani. Lakini baada ya nusu saa ya kazi nzito feni zinanguruma, picha zinakwama, na mashine inakwenda kwa kusuasua. Kijana huamua kwamba ameuziwa kifaa kibovu. Pengine hukiuza kwa hasara, pengine hugombana na aliyemuuzia, na akiba ya familia hupotea.

Mara nyingi hakuna kilichovunjika. Kadi imewekwa mahali pasipofaa, na feni zimeachwa katika mpangilio wa kiwandani. Hoja ya makala haya ni kwamba kasoro hizo mbili si za ufundi tu. Ni kasoro za elimu, na dawa yake imo katika somo la fizikia la shule ya sekondari, lau somo hilo lingefundishwa kwa mikono.

Yafaa kuanza na msingi. Umeme wote unaoingia katika kompyuta huishia kuwa joto, ila sehemu ndogo mno. Mashine inayotumia wati 300 ni sawa na taa tano za kizamani za wati 60 zilizofungiwa ndani ya sanduku la bati. Joto hilo lisipotolewa, halijoto ya prosesa hupanda. Na prosesa nyingi za siku hizi, zinapofikia nyuzi zipatazo 95 hadi 100 za sentigredi, hujipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue. Huko ndiko kusuasua anakokuona kijana. Mashine yake haiumwi, inajiokoa.

Anayelitoa joto hilo ni hewa, na hapa mahali alipo mtu huwa na maana kubwa. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1134 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko ya pwani, na hewa ni nyepesi zaidi. Katika nyuzi 28, mita moja ya ujazo ya hewa ya Nyegezi ina uzito wa kilo 1.02 hivi, ilhali ya Dar es Salaam ina kilo 1.17 hivi. Kilo moja ya hewa huchukua takriban jouli 1005 ili kupanda joto kwa nyuzi moja. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kumalizia hesabu mwenyewe: ili kuondoa wati 300 huku hewa inayotoka ikiwa na joto la nyuzi 10 tu zaidi ya ile inayoingia, mashine ya Nyegezi yahitaji lita 29 za hewa kwa sekunde, na ile ya pwani lita 25 na kitu. Tofauti ni kama asilimia 14. Feni husogeza ujazo, haisogezi uzito. Kwa hiyo feni ile ile, kwa mwendo ule ule, hubeba joto pungufu kando ya ziwa kuliko kando ya bahari. Ikiongezwa hali ya chumba cha bati kisicho na dari, ambacho alasiri huweza kupita nyuzi 30, hudhihirika kwamba mpangilio wa kiwandani haukutungwa kwa ajili ya chumba hicho.

Mpangilio wa feni, basi, ni kitu gani? Ndani ya ubao mkuu mna programu ndogo ya msingi, bayosi, ambayo huamuru feni izunguke kwa kasi gani kwa kila kiwango cha joto. Amri hiyo huweza kuchorwa kama grafu: joto katika mhimili wa chini, mwendo wa feni katika mhimili wa wima. Kijana aliyesoma grafu darasani amekwisha kujua nusu ya kazi. Yamsalia kujua mambo matatu.

Kwanza, aina ya feni. Feni yenye pini tatu huongozwa kwa kupunguza na kuongeza volti. Yenye pini nne hupewa volti 12 daima na kuongozwa kwa mapigo ya umeme yanayopita katika waya wa nne. Bayosi ikiambiwa kwamba feni ya pini tatu ni ya pini nne, feni hiyo itazunguka kwa kasi yake yote mchana na usiku, na mwenyewe ataidhania kuwa mbovu.

Pili, chanzo cha kipimo. Mara nyingi feni za kasha hufuata joto la prosesa peke yake. Ikiwa kazi inayofanyika ni ya kadi ya picha, kadi huungua kwa joto huku feni za kasha zikipumzika, kwa kuwa prosesa haina shughuli. Pale ambapo bayosi inaruhusu, feni za kasha zifuate kipimo cha ubao mkuu, au ziwekewe mwendo wa chini usiokuwa mdogo mno.

Tatu, kiasi. Kelele si alama ya ubora, wala ukimya si ustadi. Feni ikipunguzwa mwendo kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu, lakini nguvu inayohitajika hupungua hadi sehemu moja ya nane, na sauti hupungua kwa takriban desibeli 15. Maana yake ni kwamba feni mbili kubwa zinazokwenda taratibu zafaa kuliko moja ndogo inayopiga kelele. Aidha, grafu isipande ghafla kama ngazi. Ipande polepole, na feni ipewe sekunde chache za kusubiri kabla ya kubadili mwendo, isije ikawa inapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi.

Sasa kadi. Sloti ndefu iliyo karibu zaidi na prosesa ndiyo kwa kawaida yenye njia 16 za data zinazokwenda moja kwa moja kwenye prosesa hiyo. Sloti ndefu ya pili hufanana nayo kwa umbo, lakini katika mbao nyingi za bei ya wastani ina njia 4 tu, tena zinazopitia kwenye chipu msaidizi. Katika kizazi cha tatu cha PCI Express kila njia hupitisha karibu gigabaiti moja kwa sekunde. Tofauti ni ya karibu 16 dhidi ya karibu 4. Kwa hiyo kadi ya picha iwekwe sloti ya juu. Kadi nyingine, kama ile ya mtandao au ya sauti, isibanwe mara chini yake, maana feni za kadi ya picha huvuta hewa kutoka upande huo wa chini. Kuziba hapo ni kumziba mtu pua. Ishushwe hadi sloti ya mwisho, ikiwa ipo. Yafaa pia kitabu cha ubao mkuu kisomwe kabla ya bisibisi kushikwa, kwa sababu katika baadhi ya mbao sloti fulani ikitumiwa, tundu fulani la diski huzimika, na kijana huweza kupoteza siku mbili akitafuta diski isiyopotea.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji. Majira fulani ya mwaka wadudu wadogo wa ziwani huinuka juu ya maji kwa wingi hata wakaonekana kama moshi, na usiku huifuata taa. Mashine iliyo karibu na dirisha, yenye kasha la kioo na taa za rangi ndani, inawakaribisha. Chujio huziba, hewa hukatika, na grafu nzuri ya feni haina kazi tena. Hivyo basi, feni zinazoingiza hewa ziwe na nguvu kidogo kuliko zinazotoa, ili hewa iingie kwa njia ya chujio tu na vumbi lisipenye katika kila upenyo; chujio lisafishwe mara kwa mara; na taa za ndani zizimwe usiku. Wapo wanaolifungua kasha ubavuni na kulielekezea feni kubwa ya mezani. Ni kweli kwamba joto huweza kushuka papo hapo. Lakini gharama yake ni vumbi, wadudu na mijusi, na baada ya miezi michache hali huwa mbaya kuliko mwanzo.

Watakuwapo watakaouliza: mambo haya yanamhusu nini mwalimu ambaye shule yake ina kompyuta chache, au haina kabisa? Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika historia ya nchi. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha iliweka kompyuta ya kwanza nchini. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mitambo hiyo kuleta gharama na usumbufu kuliko ilivyotarajiwa. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini funzo lake halijapitwa na wakati: mtambo unaoletwa mahali pasipo na watu wa kutosha wanaoujua undani wake huwa bwana badala ya mtumishi. Leo kompyuta zimejaa maofisini na simu zimejaa mifukoni, lakini mafunzo mengi bado ni ya kubonyeza vitufe. Mwanafunzi hufundishwa kuandika barua kwa mashine ambayo hajawahi kuona kilichomo ndani yake.

Wala kompyuta nzima haihitajiki ili kuanza. Kasha moja bovu lililotupwa na fundi wa mjini latosha. Feni zake ni za volti 12, na betri ya pikipiki ni ya volti 12. Wanafunzi waweza kuizungusha feni, kushika kijiti cha udi mbele yake na kutazama moshi unavyokwenda. Kisha waweke kadi mfu katika sloti ya kwanza, halafu ya pili, waone moshi unavyozuiwa. Shule yenye kompyuta nzima iende mbali zaidi: mashine ipewe kazi nzito kwa dakika 20, halijoto iandikwe kila dakika, kadi ihamishwe, na jaribio lirudiwe katika chumba kile kile na saa ile ile. Grafu mbili zikichorwa katika karatasi moja, mabishano huisha, kwa kuwa kipimo kimesema.

Tahadhari zisisahauliwe. Umeme uzimwe na waya uchomolewe kabla ya kufungua. Mkono uguse chuma cha kasha ili kuondoa umemetuli. Feni ishikwe isizunguke wakati wa kupuliza vumbi, kwa sababu ikizunguka huzalisha umeme. Na kifaa cha kugawa umeme kisifunguliwe kamwe, maana hubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuzimwa.

Pingamizi la mwisho ni kwamba vijana wataharibu vifaa. Baadhi wataharibu. Lakini nani alijifunza kushona nyavu bila kukata uzi? Hasara ya feni moja ya shule ni ndogo kuliko hasara ya kijana anayeuza kadi nzima kwa bei ya kutupa kwa sababu hakuna aliyemwambia aihamishe sloti. Walimu wa fizikia wa Mwanza, na wa kila wilaya yenye kimo chake na vumbi lake, hawana haja ya kusubiri mtaala mpya. Somo la joto limo katika mtaala uliopo. Waliingize ndani ya kasha, wawaachie wanafunzi bisibisi na kipimajoto, na kila mmoja aandike grafu inayofaa hewa ya mahali anapoishi.